Daftari la Mama na Kitenzi Kinachokaa Mwisho

Ndugu msomaji, nikikuuliza ni swali gani la Kiswahili linalotutoa jasho zaidi hapa shuleni, najua utanijibu ni ushairi. Mimi nakataa. Ushairi hata usipouelewa unaweza kuusoma kwa sauti ukafurahia vina. Lakini uchanganuzi wa sentensi kwa njia ya matawi, lo! Muhula wa kwanza mwaka huu Mwalimu alituandikia ubaoni: "Mkulima hodari amelima shamba kubwa." Akasema tuchanganue. Mimi nikachora mti ambao Mwalimu mwenyewe aliutazama, akageuza daftari juu chini, akaniuliza kama ni mwembe au ni mparachichi. Darasa zima likacheka. Nilipata mbili kwa kumi, na hizo mbili nadhani zilikuwa za kuandika S pale juu.

Nasimulia aibu hiyo kwa sababu nataka ujue kwamba sikuanza habari hii nikiwa bingwa. Nilianza nikiwa na hasira.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Mama yangu aliondoka Wusi kwenda Dubai kufanya kazi ya nyumbani nikiwa na miaka tisa, akarudi nikiwa na kumi na mitatu. Hiyo ni mikataba miwili ya miaka miwili miwili. Nilibaki na nyanya. Wengi wenu mnaosoma hapa mnajua maisha hayo, kwa hiyo sina haja ya kuyaeleza sana: simu ya Jumapili, nyanya anapanda hadi pale penye mtandao mzuri, mimi nyuma yake, na ukungu ukiwa mzito hatumwoni hata anayetusalimia njiani mpaka atoe sauti.

Mama alirudi na sanduku moja kubwa, na Kiswahili chake kilikuwa kimeharibika. Hayo si maneno yangu, ni ya nyanya. Mama alikuwa akisema, "Mlango nimefunga." "Chai nakunywa." "Wewe maji umechota?" Nyanya akacheka akasema Kiswahili cha mwanawe kimepanda ndege kikiwa kimekaa kinyumenyume. Majirani wao walisema ni maringo ya watu waliotoka Arabuni. Mimi nilinyamaza. Kusema kweli nilikubaliana na majirani.

Basi mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha na mama akiwa ameenda sokoni Mwatate, nilikuwa natafuta karatasi ya kuchorea hiyo miti yangu ya sentensi. Nikafungua sanduku lake. (Sikuwa na ruhusa. Nimeshaomba msamaha.) Chini ya shuka nikakuta daftari dogo lenye jalada la buluu. Nikalifungua nikaona mwandiko wa mama. Kila ukurasa ulikuwa na mstari katikati, upande huu maneno nisiyoyajua, upande ule Kiswahili. Ab, maji. Nan, mkate. Dar, mlango. Sard, baridi. Dagh, moto. Madar, mama. Nemidunam, sijui. Hilo la mwisho alikuwa amelipigia mstari mara mbili, na naelewa kwa nini. Mtu akiwa mgeni, "sijui" ndilo neno la kwanza analolihitaji.

Nilidhani ni Kiarabu. Jioni mama aliporudi nilikiri kosa langu, naye hakukasirika kama nilivyotarajia. Akaniambia, "Hata mimi nilidhani ni Kiarabu miezi miwili mizima. Kumbe ni Kiajemi."

Akanieleza kwamba mle Dubai kuna familia nyingi ambazo asili yao ni ng'ambo ya bahari, Uajemi, nchi ambayo siku hizi inaitwa Irani. Wafanyabiashara walivuka zamani wakajenga mitaa yao. Mmoja uliitwa Bastakiya, kwa jina la mji wa Bastak walikotoka. Nyumba aliyofanyia kazi ilikuwa na bibi kizee ambaye hakupenda kusema Kiarabu. Kazi ya mama ilikuwa kukaa naye. Na jina walilomwita nyumbani lilikuwa Bibi. Mama akasema siku ya kwanza kusikia jina hilo alikaribia kulia, maana alidhani kuna Mswahili. Kumbe "bibi" ni neno lao pia.

Hapo ndipo mimi, niliyepata mbili kwa kumi, nilianza kupenda sarufi.

Nilianza na maneno, kama mtu yeyote angeanza. Mwalimu alikuwa ametufundisha maneno ya mkopo tukayakariri tu bila kuyafikiria: bandari, nanga, pamba, serikali, bima. Yote yametoka Uajemi, mengine moja kwa moja na mengine kwa kupitia Bara Hindi. Nilimwuliza mama, "Bandari kwao wanaitaje?" Akasema, "Bandar." Pamba? "Panbe." Halafu nikaona jambo jingine ambalo lilinichekesha: madar, baradar, dokhtar. Soma haraka haraka. Si ndiyo yale yale ya Kiingereza, mother, brother, daughter? Nilipompelekea Mwalimu alinithibitishia kwamba si kubahatisha, Kiajemi na Kiingereza ni jamaa wa mbali sana wa ukoo mmoja, ingawa Kiajemi huandikwa kwa herufi zinazofanana na za Kiarabu. Naye Mwarabu, ambaye sisi tunamdhania ndugu ya Mwajemi, katika lugha ni jirani tu.

Lakini maneno si lugha, ndugu msomaji. Hilo nililitambua nilipofika katikati ya daftari, mahali ambapo mama aliacha kuandika maneno akaanza kuandika sentensi.

"Man chay mikhoram." Mimi chai nakunywa. Kitenzi mwisho! "Bibi nan mikhore." Bibi mkate anakula. Tena mwisho. Wao, "kula" na "kunywa chai" ni kitenzi kimoja, khor, na jambo hilo nyanya alilikataa katakata. "Dar ro bastam." Mlango nimefunga. Nikacheka peke yangu jikoni. Kumbe mama hakuwa na maringo. Miaka minne alikuwa akijifunza kusubiri, yaani anamsikiliza Bibi mpaka mwisho wa sentensi ndipo ajue anatakiwa kufanya nini: kuufunga mlango, kuufungua, au kuufuta vumbi. Fikiria mwenyewe. Sisi tukisema "Lete..." mtu ameshainuka. Kwao unasikia "maji baridi ya Bibi kwenye glasi kubwa..." na bado umesimama tu.

Nikachukua kalamu nikachora mti. S ikagawanyika KN na KT, kama kwetu. KT ikagawanyika, na hapo ndipo tawi lilipogeuka. Sisi tunaanza na T kisha jina linafuata: amelima shamba. Wao wanaanza na jina kisha T: shamba amelima. Basi, tofauti iko hapo tu. Nilikaa nikiutazama mti huo. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba KN na KT si vifupisho vya kuwatesa wanafunzi. Ni viungo. Unaweza kuvitoa hapa ukavipanga pale, sentensi ikasimama bado.

Mengine niliyoyakuta yananishangaza mpaka leo. Tazama kitenzi chao: mi-khor-am. Mi ni ya wakati, khor ni mzizi, am ni mimi. Sisi tunasema ni-na-soma: ni ni mimi, na ni ya wakati, soma ni mzizi. Viungo ni vile vile, ila wao wamemtia mtu mkiani na sisi tumemtia kichwani. Ukiondoa am ukatia i, mikhori, ni wewe unayekula. Ndiyo maana nao, kama sisi, si lazima waseme "mimi" wala "wewe", kitenzi kimeshajieleza.

Halafu kuna kile kijineno ro, ambacho mama alisema katika vitabu huandikwa ra. "Nan kharidam", nilinunua mkate, mkate wowote. "Nan ro kharidam", niliununua mkate, yaani ule tuliousema. Umeona? Sisi tunatia u ndani ya kitenzi, wao wanatia ro baada ya jina, na kazi inakaribia kuwa ile ile. Nilikuwa nimefundishwa yambwa na viambishi vya yambwa tangu kidato cha kwanza, lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hiyo u ndogo inabeba habari ya "ule unaoujua". Au labda niliambiwa nikiwa nimesinzia.

Nyumba kubwa kwao ni khune ye bozorg, nyumba kwanza, ukubwa baadaye, kama kwetu na si kama Kiingereza. Mlango wa nyumba ni dare khune. Hiyo e inayoning'inia mwisho wa dar inafanya kazi ya "wa" yetu. Ila wao hawana ngeli! E ni e tu, iwe mlango, iwe kiatu, iwe maji. Hakuna wa, cha, ya, la, za. Nilipowaambia wenzangu darasani, kijana mmoja akauliza kama anaweza kuhamia huko kabla ya mtihani. Hawatofautishi mwanamume na mwanamke katika "yeye", na hilo nalo ni kama letu.

Nilipeleka miti yangu katika kikao cha Chama cha Kiswahili. Ubishi ukazuka. Mwanachama mmoja akasema ikiwa tumechukua serikali na bandari kutoka kwao, na ikiwa watu wa pwani wanajiita Washirazi, na Makunduchi kule Unguja kila Julai wanasherehekea Mwaka Kogwa ambao ni Nairuzi ya Waajemi, basi Kiswahili kimetoka Uajemi. Mimi nikasema, kama ni hivyo, kitenzi chetu kingekaa mwisho. Mwalimu akafurahi sana. Akatuambia mwaka 2023 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti wa DNA iliyotolewa katika mifupa ya watu 80 wa zamani. Wengi walizikwa katika miji ya pwani kama vile Mtwapa, Manda na Kilwa, na wengine, sikiliza hapa, walizikwa Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau, katika kaunti hii yetu! Watu wa pwani wengi walikutwa na asili mbili. Upande wa Asia ulikuwa hasa wa wanaume kutoka Uajemi, na upande wa Afrika ulikuwa hasa wa wanawake. Kuchanganyika huko kulikuwa kumeanza kufikia mwaka 1000 hivi. Wa Makwasinyi wao asili yao ilikuwa ya Kiafrika karibu yote.

"Sasa," Mwalimu akauliza, "mtoto wa baba Mwajemi na mama Mwafrika anajifunzia sentensi kwa nani?"

Tukajibu kwa pamoja, "Kwa mama!"

"Basi ndiyo maana kitenzi kilibaki mahali pake."

Mimi sikujibu pamoja na wengine. Nilikuwa nafikiri kwamba mimi sentensi zangu nyingi nilijifunzia kwa nyanya, tena kwa Kidawida.

Mwalimu hakuniachia hivi hivi, lakini. Alinikumbusha kwamba hata sisi tunaweza kulitanguliza jina: "Shamba hilo, mkulima amelilima." Hakuna anayekataa. Ila tukifanya hivyo tunakuwa tumelivuta shamba mbele kwa makusudi, na tunaacha alama, ile li, kuonyesha lilipotoka. Mwajemi akisema shamba kabla ya kulima hajavuta kitu chochote, hapo ndipo shamba linapokaa. Nilibisha kidogo kisha nikakubali.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike.

Nikiwa darasa la sita mama alinitumia viatu vya shule kutoka Dubai. Vyeusi, vya ngozi, vya kung'aa, nambari thelathini na tatu. Mimi nilikuwa navaa thelathini na sita. Nilivikanyaga visigino nikavivaa kama ndara wiki nzima ili watu wavione, mpaka vidole vikachubuka. Nyanya alinikataza nisimwambie mama. Jumapili nikamwambia. Nilisema, "Mama, viatu vinabana." Kukawa kimya. Sikusikia pole, sikusikia nitakutumia vingine. Kisha simu ikakatika. Jumapili iliyofuata akazungumza mambo mengine, na viatu havikutajwa tena, hata aliporudi. Nilibaki na kimya hicho kifuani kwa miaka. Nilijiambia kwamba mtu akikaa mbali sana anasahau.

Katika ukurasa wa karibu na mwisho wa lile daftari kulikuwa na sentensi mbili, moja juu ya nyingine:

Kafshe dokhtaram tang shode.
Delam baraye dokhtaram tang shode.

Ya kwanza ilikuwa na Kiswahili chake pembeni: kiatu cha binti yangu kimebana. Ya pili haikuwa na kitu. Nafasi ya Kiswahili ilikuwa tupu, peke yake katika daftari zima.

Ndugu msomaji, nilifanya kile nilichofundishwa. Nilichanganua. Kafsh, kiatu; e, cha; dokhtar, binti; am, yangu. Mwanzoni hiyo am ilinichanganya maana ndiyo ile ile iliyokuwa "mimi" katika mikhoram, lakini hapa imekaa juu ya jina, si juu ya kitenzi, kwa hiyo ni "angu", kama sisi tunavyosema mwanangu, mwenzangu. Tang shode imekaa mwisho, mahali pa kitenzi, kwa hiyo ndiyo "kimebana". Nikashuka ya pili. Tang shode iko pale pale. Dokhtaram yuko pale pale. Baraye nilikuwa nimeiona kurasa za mbele, ni "kwa ajili ya". Limebaki neno moja tu, delam. Am ni yangu. Del ni nini? Nikarudi kurasa za nyuma, jino, jicho, mkono, mguu, nikalikuta kati ya viungo vya mwili. Del, moyo.

Moyo wangu, kwa ajili ya binti yangu, umebana.

Nilikaa hapo mpaka taa ikahitaji kuwashwa.

Usiku nilimwuliza mama. Alikuwa anachambua maharagwe, na hakuinua macho. Alisema siku ile nilipompigia habari ya viatu Bibi alimkuta amesimama jikoni na simu mkononi, akamwuliza kuna nini. Mama hakuwa na maneno. Akaonyesha kiatu chake mwenyewe, akaonyesha kwa mkono kimo cha mtoto, akabana vidole. Bibi akampa sentensi ya kwanza. Kisha akamtazama, akamwekea mkono kifuani, akampa ya pili. Mama akasema hivyo ndivyo Waajemi wote husema wakimkumbuka mtu aliye mbali, si maneno ya pekee, hata watoto huyasema. Moyo umekuwa finyu.

"Mbona hukuniambia mimi?" nikamwuliza.

"Ningekuambia nini? Nilikuwa nimekwenda dukani nikakununulia miguu ya mtoto niliyemwacha."

"Na pale pembeni mbona hukuandika Kiswahili chake?"

Akatupa haragwe bovu. "Kwa Kiswahili ningeisoma kila siku."

Nilimletea daftari langu la shule nikamwonyesha miti miwili niliyoichora, wa kiatu na wa moyo, jinsi matawi yao yanavyokutana kwenye tang shode. Aliitazama kwa muda mrefu akiwa ameishika karibu na taa. Akaniambia baraye nimeiandika vizuri, ila wao wakizungumza haraka huikata. Akachukua kalamu yangu, na pembeni ya mti wa pili nikadhani ataandika ile tafsiri iliyokosekana. Hakuandika. Akauliza,

"Siku hizi nambari ngapi unavaa?"

Kitenzi mwisho. Nikamwambia thelathini na tisa.